Dawa ya Mama Mkwe

Fundi Saa hakwenda kujitolea bustanini kwa sababu anapenda maua. Alifukuzwa nyumbani, kwa heshima, na mkewe.

Alikuwa amefunga kibanda chake cha kutengeneza saa, maana siku hizi kila mtu anatazama saa kwenye simu, na hata anayevaa saa ya mkono huivaa kama bangili. Ikisimama haimnyimi usingizi. Akarudi nyumbani, akakaa. Tatizo ni kwamba nyumbani kulikuwa na mtu mwingine aliyekaa. Mama mkwe wake alikuja kwao kutibiwa macho, macho yakapona siku nyingi, mwenyewe hakuondoka. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na fahali wa pili alikuwa huyo bibi mfupi mwenye miwani ya mnyororo, aliyekuwa karani wa mahakama mpaka akastaafu, na ambaye bado aliongea kana kwamba kuna mtu pembeni anaandika.

Waligombania redio. Waligombania dirisha la sebuleni, Fundi akilitaka wazi, mama akilitaka limefungwa, likawa linafunguliwa na kufungwa mpaka bawaba zikalegea. Mwisho mkewe, msusi ambaye kutwa husimama na vichwa vya watu mikononi, akasema imetosha.

"Mume wangu, ile bustani ya mimea inatafuta watu wa kujitolea. Nenda ukajitolee huko. Hapa kazi yako ni kututolea macho tu."

Akaenda amenuna. Na kusema kweli, akapenda.

Bustani ilikuwa ya umma. Mtu anaingia bure, anatembea kwenye vijia vya kokoto akisoma majina ya miti, anakaa kwenye benchi, anaondoka. Nyuma, mahali wageni hawafiki, kulikuwa na kitalu: vichanja vya mbao chini ya wavu mweusi wa kivuli, mabomba, toroli, na matuta yaliyopangwa kwa mistari, kila tuta na kibao chake kilichoandikwa kwa rangi. MAUA. VIUNGO. MITI YA KIVULI. Msimamizi wa hapo alikuwa mwanamke kijana, mpole lakini asiyependa kurudia neno, na wajitoleaji walimwita Bi Kitalu. Aliviona vidole vya Fundi, vidole vilivyozoea kushika skrubu ndogo kuliko ufuta, akampa kazi ya kuhamisha miche michanga kutoka kwenye trei na kuitia kwenye vifuko vya udongo.

"Shika jani, baba, usishike shina," alimfundisha. "Jani likivunjika litaota jingine. Shina likivunjika ndiyo basi."

Siku ile ya kwanza aliwatembeza wageni wote wa kujitolea. Walipofika kwenye mimea ya tiba akawa anaonyesha: huu wa tumbo, ule wa vidonda, ule kule wa homa. Fundi, ambaye mdomo wake haujawahi kukaa likizo, akauliza, "Na dawa ya mama mkwe mnayo?"

Watu wakaangua kicheko. Mtu wa kumwagilia, aliyeitwa Mpira kwa sababu hakuonekana kamwe bila mpira wa maji mkononi, alicheka mpaka akajimwagia viatu. Maana lugha yetu ina mambo yake. Dawa ya kifua huponya kifua, lakini dawa ya panya haijawahi kumponya panya. Na dawa ya mama mkwe, kila aliyekuwa pale alielewa iko upande gani. Tangu hapo ikawa ndiyo salamu yake. "Vipi Fundi, umeshaipata?" Naye hujibu, "Bado wanaitafiti."

Alikuwa na utani wa namna hiyo hata nyumbani. Aliusema jikoni, aliusema barazani, aliusema kwenye simu na rafiki zake, akidhani ukuta hauna masikio. Mkewe alimwonya. "Mama anasikia, ila ana kifua," alisema, akimaanisha kwamba mama anajua kutunza siri moyoni. Huwezi kukaa mahakamani miaka yote ile bila kuwa na kifua. Fundi akajibu kwamba kifua anacho kweli, mtaa mzima unakisikia.

Kwa sababu mama alikuwa anakohoa. Kikohozi kilianza kidogo kidogo, kikaota mizizi. Siku ya Ijumaa, mezani, kilimshika mama mpaka akashindwa kula, na Fundi akasema neno ambalo hata yeye alilisikia likitoka bila kupenda: "Mama, kama kukohoa ni lazima, basi kohoa kwa ratiba, nasi tujue tulale saa ngapi."

Mama mkwe aliweka kijiko chini. Akachukua sahani yake, akaenda nayo chumbani, akafunga mlango polepole. Angeubamiza, Fundi angelala vizuri zaidi.

Asubuhi mkewe alimkamata mlangoni. "Leo ukirudi upatane na mama. Sijali utafanyaje. Mimi ni msusi, si hakimu."

*

Kwa hiyo Jumamosi ile alichelewa, na alipofika Bi Kitalu alikuwa ameshazungumza na watu, ameshagawa kazi, kila mmoja yuko mahali pake. Fundi alivaa mabuti na aproni, akachukua trei yake. Hapo ndipo alipoona kwamba tuta la nanaa lina kibao kipya. Herufi nyekundu, rangi bado inang'aa: DAWA.

Alisimama akakitazama. Nanaa ile ilikuwa imenenepa, majani yake mapana, harufu yake inafika mpaka kwenye kijia. Hata yeye alijua nanaa hufaa kifua. Bibi yake mzaa mama alikuwa akiwachemshia. Sasa wenyewe wataalamu wameitambua, wameitoa kwenye viungo wameiweka kwenye dawa. Alifurahi kama mtu aliyesomewa barua njema. Lakini hakuwa mjinga. Aliuliza.

"Mpira, naona pale kwenye nanaa sasa kuna dawa."

"Ee, dawa," Mpira alijibu, huku akikunjua mpira wake. "Bi Kitalu kaamua mwenyewe jana jioni."

"Na inafanya kazi kweli?"

"Inafanya kazi?" Mpira akacheka. "Dawa kali ile, mzee wangu, usiichezee. Kufikia kesho hakohoi hata mmoja."

Hakohoi hata mmoja! Fundi aliona kama ameandikiwa yeye. Sheria ya bustani aliijua: hakuna kinachotoka getini, si mbegu, si jani, na siku ya kwanza aliahidi hivyo kwa mdomo wake. Lakini hili si wizi, alijiambia, hili ni suluhu. Wenzake walipokwenda kunywa chai aliinama kama anafunga buti, akachuma konzi moja, akaisokomeza ndani ya kibweta cha miwani. Mchana, walipopewa nafasi ya kwenda kula, alimpungia mlinzi mkono na kibweta kimetuna mfukoni, miwani yenyewe kaivaa.

Nyumbani hapakuwa mbali. Mkewe alikuwa saluni. Alichemsha maji, akatumbukiza majani yote, akafunika, akasubiri. Hakuyaosha. Yalitoka bustanini, yana uchafu gani? Akachagua kikombe kizuri, kile cha wageni, akakibeba kwa mikono miwili.

Mama mkwe alikuwa sebuleni kwenye kiti chake, dirisha limefungwa, shali shingoni. Hakuinua macho.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba."

"Nimekuletea kitu." Akakiweka kikombe kwenye stuli. Mvuke ulipanda baina yao. Alikuwa ameyapanga maneno njia nzima: mama, jana nilikosa, naomba unisamehe. Yalikuwa yamefika kooni kabisa.

"Nini hicho?" mama akauliza.

"Dawa."

"Dawa ya nini?"

Na ulimi, ule ulimi usio na mfupa, ukateleza kwenye njia yake ya siku zote kabla yeye hajaushika. "Dawa ya mama mkwe," alisema, na akacheka.

Mama hakucheka. Aliinua macho, akamtazama kupitia miwani yake kama anavyotazamwa mtu anayeapishwa. "Naam," alisema. "Iache hapo."

Fundi aliiacha. Aliona ameharibu, lakini kidogo tu. Akishakunywa na kifua kikatulia, atasamehe mwenyewe. Akarudi bustanini akipiga mluzi.

*

Alikuta watu wamekusanyika kwenye matuta. Hakuna aliyekuwa anafanya kazi. Bi Kitalu alikuwa amechuchumaa mbele ya nanaa, akigusa vikonyo vilivyokatwa kwa ncha ya kijiti, si kwa kidole.

"Nani amechuma hapa?" aliuliza. Hakupaza sauti. "Sina haja ya kumjua mwizi. Nataka kujua kama kuna mtu ameila."

Watu walitazamana.

"Jana jioni tumepiga dawa ya vidukari hapa," alisema, akisimama. "Nanaa yote imejaa wadudu kwa chini. Ni sumu kali, nilisema asubuhi, haiguswi mpaka ioshwe na wiki ipite. Mtu mzima mwenye afya ataumwa. Mtoto, au mzee, hasa mzee mwenye kifua..." Alisita. "Mate humjaa, jasho humtoka, kifua hubana. Akichelewa kufika hospitali, hatuna mtu."

Fundi alihisi mabuti yamejaa maji. Alitazama kile kibao. Herufi zilikuwa zile zile, nyekundu, kubwa, na sasa zilisomeka kitu kingine kabisa.

"Ni mimi," alisema.

Watu waligeuka.

"Kibao kinasema dawa," aliendelea, na sauti yake ilikuwa nyembamba, hakuitambua. "Vibao vyote vinasema kilichopandwa. Maua. Viungo. Nikasema hapa wamepanda dawa. Nikamuuliza Mpira, akasema hakohoi hata mmoja."

"Wadudu, mzee!" Mpira alipiga kelele, mpira ukamwanguka mkononi. "Wadudu ndio hawatakohoa! Jamani, mimi nilikuwa nasema wadudu!"

Bi Kitalu alifunika mdomo. Kibao alikiandika yeye mwenyewe, harakaharaka, jua likizama, neno moja tu kwa sababu kibao chenyewe kilikuwa kidogo. "Umempa nani?" aliuliza.

"Mama mkwe wangu."

Nyuma yake, mama mmoja mstaafu aliyekuwa naye tangu siku ya kwanza alinong'ona, na mnong'ono ukasikika mpaka kwenye wavu: "Si ndiye yule aliyekuwa anaitafuta?"

"Amekunywa?" Bi Kitalu aliuliza.

"Sijui."

"Piga simu. Kimbia huku unapiga. Kama amekunywa, asitapishwe, hospitali moja kwa moja. Gari letu limepeleka miche, lakini mimi nitatafuta gari. Nikikupigia, upokee!"

Alikuwa ameshakimbia.

Mwanamume wa umri wake hakimbii barabarani ila kuna msiba au kuna mwizi, na watu walimpisha wakimtazama wajue ni lipi. Mabuti yalimpiga magotini. Aproni ilimfunga miguu, akaivuta akaitupa. Alipiga simu ya mama: namba inatumika. Alipiga ya mkewe: namba inatumika. Akarudia ya mama. Inatumika. Nani anaongea na mama? Au mama ameanguka na simu mkononi, ikawa imebaki wazi sakafuni?

Akaona yote kwa mara moja, kama mtu anayefunua mgongo wa saa. Atakufa mama, kwa kikombe cha wageni. Watauliza alipewa na nani. Mkwewe. Alisema ni nini? Alisema ni dawa ya mama mkwe, akacheka. Na kitalu kizima kitasimama kushuhudia kwamba ni kweli, huyu mzee alikuwa akiulizia tangu siku ya kwanza. Hata mkewe ataamini. Angekuwa yeye, angeamini. Lakini lililomchoma zaidi, na hili alilikumbuka baadaye kwa mshangao, halikuwa hilo la kesi. Lilikuwa ni kwamba bibi yule angekufa akijua amechukiwa, na haikuwa kweli. Walikuwa wanagombana tu. Kugombana na mtu kila siku nako ni kukaa naye.

*

Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo la ndani. Aligonga, akabamiza.

"Mama! Mama, fungua!"

Alizunguka mpaka dirishani, akabandika uso kwenye kioo. Mama alikuwa kwenye kiti chake, kidevu kimelalia shali. Stuli ilikuwa pale pale. Kikombe kilikuwa pale pale, kimefunikwa kwa kisahani, na hakuna jicho lingeweza kujua kama kimejaa au kitupu. Fundi aligonga kioo kwa pete ya ndoa.

Kidevu kikainuka. Mama aliamka kwa shida, akaja taratibu, akalisukuma dirisha lile ambalo hajawahi kulifungua kwa hiari yake. Nondo zilikuwa baina yao.

"Sifungui mlango mpaka mwanangu afike," alisema. "Nimeshampigia."

"Mama, umekunywa?"

"Kwa nini una haraka ya kujua?"

"Mama, nakuomba. Umekunywa au hujanywa?"

Alimwacha asubiri. Karani wa zamani anajua uzito wa kusubiri. "Sijagusa," alisema hatimaye. "Nimekifunika. Ni kielelezo."

Alishika nondo kwa mikono yote miwili, akaweka paji la uso kati ya mikono, akapumua, na machozi yakaanza kumtoka bila adabu yoyote. Hajagusa. Mungu mkubwa. Na papo hapo, kabla shukrani haijapoa, likaingia wazo la pili, la kibinadamu na la hovyo kama tulivyo: basi hakuna haja ya kusema. Aingie, achukue kikombe, amwage kwenye sinki, asuuze. Nani atajua?

Mama alikuwa anamtazama. Aliyatazama mabuti yenye udongo, shati lililolowa, mdomo uliokuwa unatafuta hewa. "Mbona uko hivyo?" aliuliza, sauti imebadilika. "Umekimbia?"

"Nimekimbia."

"Kutoka bustanini?"

"Kutoka bustanini. Nilikuja... nilikuja kuona kifua chako kinaendeleaje."

Uongo ule ulitoka laini, na Fundi aliuchukia ulipokuwa bado mdomoni. Mama akaenda mlangoni, komeo likalia, mlango ukafunguka.

"Ingia, baba," alisema. Hakuwahi kumwita baba. "Ingia ukae. Nimekuhukumu bila kukusikiliza. Siku zote nakusikia kupitia ukuta na hiyo dawa yako ya mama mkwe. Leo ukaja na kikombe, ukalitaja jina lenyewe, ukacheka. Ungekuwa mimi ungekunywa?"

"Nisingekunywa, mama."

"Nikasema huyu sasa amechoka nami kweli. Kumbe mwenzangu anakimbia barabarani kwa ajili ya kikohozi changu." Alikuwa anarudi kwenye kiti chake, anaongea akiwa amempa mgongo, kama mtu anayeona aibu kuonekana uso. "Basi nami niseme nimekosa."

Akainua kisahani.

"Imepoa, mama," Fundi alisema haraka. "Niachie, nikakupashie."

"Nitainywa hivi hivi."

"Ikipoa haifai. Nipe, mama."

"Niache, mwanangu. Umetengeneza kwa mkono wako, acha ninywe, tuyamalize." Akakishika kikombe kwa mikono miwili, kama alivyokibeba yeye, akakiinua.

Fundi alikuwa na nafasi ya kusema neno moja. Neno halikuja. Alinyoosha mkono akakipiga kikombe, kwa nguvu, na kikombe cha wageni kikapiga ukuta kikavunjika. Maji ya kijani yakateremka kwenye rangi nyeupe.

Mama mkwe alibaki ameinua mikono mitupu. Aliutazama ukuta, kisha akamtazama yeye, na uso wake ukawa wa mtu ambaye amesomewa hukumu.

"Kumbe kweli," alisema.

"Mama, sikujua. Nakuapia sikujua. Kibao kilisema dawa."

"Dawa ya nini?"

"Ya wadudu," Fundi alisema, na hapo akapiga magoti, mabuti yakalia sakafuni. "Waliipiga dawa, mama, nikadhani wameipanda. Nimeambiwa nilipo... niliporudi..." Ulimi ulimkwama. "Nilipoambiwa ndipo nikakimbia. Halafu uliposema hujanywa nikaona haya, nikakudanganya. Sikuja kuona kifua. Nilikuja kuona kama uko hai."

Simu ikalia mfukoni mwake. Alikuwa Bi Kitalu. Mama alinyoosha mkono, na Fundi akampa simu. Sauti iliyofuata haikuwa ya mgonjwa.

"Mimi ndiye mwenyewe, niliyepewa hiyo dawa," mama alisema kwenye simu. "Wewe ni nani? ... Nani aliandika kibao? ... Uliandika maneno gani? ... Neno moja tu? ... Soma herufi." Alisikiliza. "Na yeye alipojua alifanya nini? ... Alisema mwenyewe, mbele za watu? Kabla hajaulizwa jina? ... Haya, mwanangu. Sijanywa. Usilie. Ongeza maneno kwenye kibao chako."

Akakata simu. Akamrudishia. Fundi bado alikuwa chini.

"Nimekaa mahakamani," mama alisema, akishusha pumzi kwa tabu. "Nimewaona waliotaka mtu afe. Hao hukaa mbali wakasubiri kuitwa. Hakuna niliyemwona akikimbia kurudi." Alikohoa, akafuta mdomo. "Inuka. Sakafu ina baridi."

Hakupata nafasi ya kuinuka. Mlango uliobaki wazi ukajaa mkewe, chanuo limechomekwa kwenye nywele zake, mikono inang'aa mafuta, anahema.

"Nimemwacha mteja nusu kichwa!" alisema. "Mama, ulisema kwenye simu nije upesi, amekupa kitu. Amekupa nini? Na hiki kikombe?"

Fundi alifungua mdomo. Mama mkwe alimtangulia.

"Dawa," alisema.

"Dawa gani?"

Mama alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shali, bila haraka. "Dawa ya mama mkwe," alisema. "Ameitafuta siku nyingi, maskini, leo ameipata. Bahati mbaya imemwagika."

Mkewe alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. "Na wewe unalia nini?"

"Mwache," mama alisema. "Mletee ufagio, afagie."

Ufagio uliletwa. Fundi alikusanya vigae kimoja kimoja kwa vidole vyake vya fundi saa. Kisha kikohozi kikamshika mama, kirefu, kile kile cha siku zote, kikamtikisa kitini. Fundi aliuegemeza ufagio ukutani, akaenda kulifunga dirisha.